Unataka Nyumba ya Mawe Lamu? Anza na Warithi, Kisha Panda Juu ya Paa

Anayeipenda nyumba ya mawe ya Lamu kwa kawaida huipendea ndani. Ametoka kwenye kichochoro, akapita daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na tekani, kijiukumbi cha kuingilia, akakuta kiwanda, ule ua wa ndani, kina kivuli na upepo, na ukuta wa ndani umejaa zidaka, vishubaka vya chokaa, safu juu ya safu. Hajafika hata darini, ameshaanza kupanga kitanda kitakaa wapi. Dalali naye ameshamsoma usoni, na bei imeshapanda.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo, awe yuko Nairobi, Mombasa, Muscat au Toronto. Simwambii asipende. Ninachosema ni kwamba watu wengi hununua nyumba hizi kinyumenyume: wanaanza na bei, wanaleta fundi baadaye, na wakili anaitwa siku ya kutia sahihi. Mpangilio unaofaa ni huu: wenye nyumba kwanza, maji ya pili, wewe mwenyewe na maisha yako ya tatu, bei mwisho. Ukiufuata, nyumba nyingi zitajitoa zenyewe kabla hujalipa hata amana.

Sheria ninazozitaja ni za Kenya, kwa kuwa mfano wetu ni Lamu. Mombasa na Zanzibar zina mambo yake, nayo nimeyagusa kuelekea mwisho.

Hatua ya kwanza: zoesha jicho bila dalali

Kabla ya kuingia nyumba inayouzwa, ingia zisizouzwa. Mtaa wa Mkomani una Nyumba ya Makumbusho ya Waswahili, iliyohifadhiwa kwa mpango wake wa zamani. Kaa humo saa nzima. Angalia kiwanda kilivyo chanzo cha mwanga wote, na misana, vyumba virefu vya mbele, inavyofuatana kuingia ndani, kila ukisonga mbele giza linaongezeka na faragha pia. Angalia upana wa vyumba. Nyumba za karne ya 18 zina vyumba virefu lakini vyembamba, pungufu ya mita 3, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki umbali zaidi ya huo bila kupinda. Hakuna fundi atakayekupanulia chumba hicho bila kuivunja nyumba. Kama unahitaji sebule ya kuweka makochi pande nne na televisheni katikati, jua mapema.

Kisha teremka hadi zile nyumba zinazotazama bahari. Hizo nyingi ni za karne ya 19 na baada yake, zimejengwa mbele ya ufuo wa zamani, juu ya ardhi iliyojazwa. Zina madirisha makubwa na baraza za juu, upepo wa kusi unaingia vizuri, na chumvi inaingia pia. Kwa mnunuzi hizi ni nyumba mbili tofauti: ya Mkomani inakusumbua kwa giza na majirani waliobanana, ya ufuoni inakusumbua kwa msingi na kutu.

Ukishaziona kadhaa zenye afya utaanza kutambua mgonjwa kwa harufu tu. Ukuta wa chokaa unaopumua hauna harufu. Ukuta uliofungiwa unyevu unanuka ukungu hata mchana wa kiangazi.

Hatua ya pili: nani hasa anauza?

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoishia, na hapa ndipo nakushauri utumie muda kuliko kwingine kote.

Nyumba ya kale ya Lamu ni nadra kuwa na mwenyewe mmoja. Chukua mfano. Mzee amefariki, ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa mirathi ya Kiislamu mke anapata thumni, yaani 1/8. Ile 7/8 iliyobaki inagawanywa kwa watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja, kwa hiyo kila mwana wa kiume ana 2/8 na kila binti 1/8. Nyumba moja, wenyewe sita. Halafu mmoja wa wale wana wa kiume anafariki kabla mirathi haijagawanywa. Mama yake anarithi sudusi, yaani 1/6, ya fungu lake, mjane wake thumni, na watoto wake wanne, wa kiume na wa kike, wanagawana iliyosalia. Sasa wenyewe ni 10, na hapo tumekwenda kizazi kimoja na nusu tu. Kuna nyumba ambazo hati yake bado ina jina la babu wa babu.

Anayekuonyesha nyumba mara nyingi ni mmoja tu kati ya hao, yule aliyebaki mjini na mwenye ufunguo. Huenda ni mtu mkweli kabisa, na huenda ndugu zake wa Mombasa na Oman wanajua anauza. Lakini ufunguo si umiliki. Mwombe mambo haya, kwa adabu na bila haraka.

Nakala ya hati miliki, na jina lililomo. Kama jina ni la marehemu, uliza amri ya mahakama, ya kadhi au Mahakama Kuu, inayowataja warithi na msimamizi wa mirathi. Kama haipo, usiingie kwenye mazungumzo ya bei. Sema utarudi watakapoipata. Watu waliokusudia kweli kuuza wataifuatilia, wengine watamtafuta mnunuzi mwepesi zaidi, na hapo umeokoka.

Majina ya warithi wote, walipo, na sahihi zao. Aliye Muscat au Dubai anaweza kumpa mtu uwakala, ila hati ya uwakala iwe imeshuhudiwa kisheria huko aliko na wakili wako aikague. Ujumbe wa sauti kwenye simu unaosema "mimi sina neno, uzeni tu" hauna uzito mbele ya msajili wa ardhi. Fungu la mtoto mdogo nalo halitolewi kwa sahihi ya ami yake, lazima mahakama iruhusu. Na ikiwa muuzaji ana mke au mume na nyumba ni ya ndoa, ridhaa ya mwenzake inahitajika kisheria.

Kisha uliza kama nyumba, au sehemu yake, ni wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haipewi mtu zawadi. Pwani watu wengi waliweka wakfu nyumba kwa msikiti au kwa kizazi chao, na wakati mwingine wajukuu wameshasahau au wanajisahaulisha. Tume ya Wakfu iko Mombasa, wakili wako aulize huko. Waulize na wazee wa msikiti wa jirani. Wao hukumbuka mambo ambayo faili haikumbuki.

Baada ya hapo ndipo mfanye sachi, yaani kupekua kumbukumbu za nyumba, kwenye ofisi ya usajili wa ardhi. Hati nyingi za zamani za Pwani zilitokana na sheria ya mwaka 1908, iliyowataka watu wa mwambao wajitokeze kudai ardhi yao. Ambayo haikudaiwa ikahesabiwa ya serikali ya kikoloni. Ndiyo sababu utakuta nyumba moja ina hati safi na ya pili yake, iliyojengwa zamani hizohizo, haina karatasi yoyote. Sachi itakuonyesha kama kuna mkopo wa benki juu ya nyumba, kizuizi kilichowekwa na ndugu aliyekasirika, au kesi.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni mipaka, na Lamu mipaka haikai chini peke yake. Nyumba zinashikana kuta. Juu ya kichochoro kuna wikio, chumba kilichovuka njia kuunganisha nyumba mbili za jamaa, na baada ya vizazi vitatu jamaa hao hawasemezani. Je, wikio ni la nyumba unayonunua au la ng'ambo? Ghorofa ya juu je? Ngazi ile inayopanda kutoka kiwandani ni yako peke yako, au shangazi wa upande wa pili ana haki ya kupita? Maswali haya yajibiwe kwa maandishi, pamoja na mchoro wa mpimaji, kila chumba kikitajwa.

Kwa walio ughaibuni: Katiba ya 2010, ibara ya 65, inasema asiye raia wa Kenya hawezi kushika ardhi isipokuwa kwa mkodisho usiozidi miaka 99. Ukinunua nyumba ya umiliki wa milele ukiwa na pasipoti ya kigeni tu, umiliki huo unahesabiwa kuwa mkodisho wa miaka 99. Kama ulizaliwa raia ukapoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine, Katiba hiyohiyo inakuruhusu kuomba urejeshewe. Fanya hivyo kwanza, nyumba baadaye.

Hatua ya tatu: ikague kutoka juu kwenda chini

Usikague nyumba ya kale kuanzia mlangoni. Mlango utakulaghai, hasa ukiwa wa nakshi. Panda moja kwa moja hadi juu ya paa, maana ugonjwa unaanzia huko na kushuka.

Nenda wakati wa masika, Aprili au Mei, siku ya pili ya mvua kubwa. Muuzaji akisema njoo Januari, kaskazi imetulia na kila kitu kimekauka, mwambie utakuja mara zote mbili. Beba tochi, kisu chembamba, nyundo ndogo, timazi, na chaki. Na mchukue fundi aliyezoea chokaa. Fundi hodari wa nyumba za matofali ya saruji atakwambia mambo ya kweli kuhusu nyumba nyingine.

Juu ya paa, tafuta maji yanaposimama. Paa la zamani ni boriti, juu yake mawe mepesi ya matumbawe, juu yake tena chokaa na kokoto iliyopondwapondwa ikawa nene. Ni zito, na kila ukarabati wa zamani umeongeza tabaka badala ya kuondoa. Paa lililoongezewa zege la saruji juu ya boriti za zamani ni onyo kubwa: uzito umeongezeka na boriti ni zilezile. Angalia mlizamu, mfereji wa kutolea maji ya paa, kama umeziba, na maji yanamwagikia wapi. Yakiteremka ukutani badala ya kurushwa nje, umeshajua ukuta gani utaukuta umeoza chini. Paa la makuti juu ya sakafu ya juu linasaidia sana kivuli na mvua, lakini uliza liliezekwa lini, na fikiria moto.

Shuka chumba cha chini ya paa uangalie boriti. Hapa usitazame katikati. Boriti huoza ncha, pale inapoingia ukutani, kwa kuwa hapo unyevu unakaa na mchwa wanajificha. Weka ncha ya kisu karibu kabisa na ukuta ukandamize. Kwenye mti mzima kisu kinagoma. Kikiingia kama kwenye muhogo uliochemshwa, boriti hiyo imeshikwa na rangi tu. Fanya hivyo kwa kila boriti, pande zote mbili, na utie alama ya chaki kwenye mbovu. Inachosha, na shingo itauma, lakini ukimaliza chumba unayo hesabu: boriti 5 kati ya 22 ni kazi ya kawaida, 15 kati ya 22 ni dari mpya. Boriti mbovu zikifuatana tatu au nne upande mmoja, usisimame chini yake, na huo ndio ukuta unaopitisha maji.

Kuta sasa. Nyumba hizi zina kuta nene, nusu mita hivi, za mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa. Ning'iniza timazi juu, uone ukuta umetoka tumbo kiasi gani. Tumbo la zamani lililotulia si hatari sawa na ufa mpya. Kujua ufa kama bado unatembea, paka ukanda mwembamba wa plasta kuuvuka, andika tarehe juu yake, urudi baada ya miezi miwili au mitatu. Ukanda ukikatika, nyumba inasogea. Ufa wa mshazari kutoka pembe ya dirisha kwenda kwenye pembe ya nyumba ndio unaonitia wasiwasi kuliko vyote, hasa kama chini yake kuna shimo la choo.

Ndiyo, choo. Nyumba za zamani zina choo ndani, na shimo lake liko chini ya nyumba au kando ya msingi, mara nyingine mita chache kutoka kisimani. Uliza shimo liko wapi, lilifukuliwa lini, na jirani wa upande wa chini ana kisima au la. Jibu likiwa "halijawahi kujaa", maana yake maji machafu yanapotelea ardhini, chini ya ukuta wako au wa jirani. Tenga fedha za tangi jipya na usitegemee maji ya kisima cha ndani kwa kunywa.

Mabirika ya kuhifadhia maji, zidaka na maandishi ya ukutani yasikutoe kwenye hesabu. Yapige picha, uyapende ukifika nyumbani.

Hatua ya nne: tafuta saruji

Nimeitenga kwa sababu ndiyo inayoua nyumba nyingi za mwambao huu, na wanaoiweka huwa na nia njema.

Chokaa hutoka kwenye matumbawe yaliyochomwa tanurini hadi yakapoteza hewa yake ya kaboni, kisha ikazimwa kwa maji na kulazwa shimoni. Ikipakwa ukutani hurudisha hewa hiyo polepole na kugeuka jiwe tena, lakini jiwe lenye vinyweleo. Unyevu wa chini unapanda ukutani, unatoka kupitia plasta ya chokaa, unakauka. Plasta inachakaa, unaipaka tena. Ndiyo kazi yake: ife yenyewe ili jiwe lipone.

Plasta ya saruji haipitishi. Unyevu unapanda, unakuta umefungiwa, unapanda zaidi hadi kutafuta pa kutokea. Chumvi iliyomo inaganda nyuma ya plasta na kulipasua jiwe kutoka ndani. Kwa nje utaona ukuta laini uliopakwa rangi ya mafuta, na juu yake, kimo cha kiuno au bega, mstari wa unga mweupe. Gonga kwa nyundo. Mlio wa mtungi mtupu unaonyesha plasta imeshaachana na ukuta na inajishikilia yenyewe.

Nyumba iliyoachwa kuchakaa kwa chokaa, hata ikiwa mbaya kwa macho, mara nyingi ni rahisi kuiponya kuliko iliyorembwa kwa saruji miaka 10 iliyopita ili iuzike. Mimi ningelipa zaidi kwa ile mbaya. Kuibandua saruji bila kung'oa na uso wa jiwe ni kazi ya mkono, inchi kwa inchi, na zidaka zilizozibwa kwa saruji pengine hazirudi.

Hatua ya tano: jua usichoruhusiwa kufanya

Mji wa Kale wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986, na UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Maana yake kwako ni kwamba hujengi wala hubomoi kwa hiari yako. Kabla ya kununua, nenda ofisini kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pale Lamu, na kwa serikali ya kaunti, ukiwa na mchoro wa unachotaka: kuongeza ghorofa, kufungua dirisha la barabarani, kuweka bwawa dogo la kuogelea kiwandani kama walivyofanya wengine. Uliza kipi kitapita. Jibu la mdomo si kibali, lakini litakuzuia kununua ndoto isiyowezekana.

Uliza pia kama kuna kazi iliyofanywa bila kibali na mwenye nyumba wa sasa. Ukishanunua, ni tatizo lako.

Na mlango. Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 inailinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1946. Haing'olewi ikauzwa au kupelekwa ng'ambo bila ruhusa. Kwenye mkataba taja mlango kwa maelezo na picha, kwa sababu nyumba kadhaa za mwambao zimekabidhiwa kwa mnunuzi zikiwa na mlango wa mbao mpya na hadithi ndefu.

Hatua ya sita: fanya hesabu ya punda

Bei ya nyumba ndiyo fedha rahisi kuijua. Juu yake weka ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani. Nyumba ya shilingi milioni 10 ina ushuru wa 400,000. Weka ada ya wakili, mpimaji, mthamini, na malimbikizo ya kodi ya ardhi ya kaunti, ambayo nyumba ya warithi wengi huwa nayo kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake analipa. Cheti cha kutodaiwa kodi hiyo kidaiwe kwa muuzaji.

Halafu vifaa. Lamu ni kisiwa na Mji wa Kale hauingii gari. Kila jiwe kutoka machimbo ya Manda linashuka kwenye jahazi au mashua, linabebwa na hamali au punda hadi mlangoni kwako, na taka za ubomoaji zinarudi kwa njia hiyohiyo. Watu hupanga bajeti ya kuleta vitu na kusahau ya kuondoa. Paa moja la zamani likifunguliwa, kifusi chake kitakushangaza. Kama nyumba iko ndani sana ya Mkomani, ambako punda mwenye mizigo pande zote mbili hapiti, hesabu mara mbili.

Boriti za mikoko hukatwa kwa leseni ya KFS, shirika la misitu la Kenya. Nunua zilizo halali, zilizomenywa gamba na kukauka. Boriti mbichi hujipinda ikiwa darini, na hapo utakuwa umeshamaliza plasta. Chokaa nayo haiharakishwi: iliyolazwa shimoni miezi kadhaa ni bora kuliko ya wiki jana. Mchanga usiwe wa pwani wenye chumvi, hata kama uko mita 50 kutoka kwako na ni wa bure.

Ukipata jumla ya makadirio ya fundi, ongeza theluthi. Si kwa sababu fundi ni mwongo. Hakuna mtu aliyeona ndani ya ukuta ule.

Kisha jiulize swali la mwaka wa tano. Kupaka chokaa upya, kufukua milizamu kabla ya kila masika, makuti, mchwa, mlinzi. Kama hesabu yako inategemea kupangisha watalii, ujue biashara hiyo Lamu imewahi kusimama ghafla zaidi ya mara moja, kwa tahadhari za usalama na kwa Korona. Nyumba inayojilipa kwa wageni tu ni nyumba itakayovuja mwaka ambao wageni hawaji.

Hatua ya saba: kodi kwanza, ununue baadaye

Kabla ya uamuzi, kodi nyumba ya mtaa huohuo, si hoteli, angalau masika moja nzima. Utajifunza mambo ambayo hayamo kwenye hati. Maji hutoka siku zipi. Sauti ya adhana ya alfajiri ikiwa spika inaelekea dirishani kwako. Choo cha jirani. Mazungumzo ya barazani, kwani benchi za dakani kwako kwa ada ni za wapita njia na wazee, na anayewafukuza huanza ujirani vibaya.

Zaidi ya yote utajifunza macho yanafika wapi. Faragha ya wanawake majumbani ni jambo zito Lamu. Paa unaloliota, la kukaa jioni na kutazama bahari, huenda linachungulia kiwandani mwa nyumba tatu. Pandisha ukuta wa mkingamo, au jiandae kwa ugomvi ambao wakili hautatui. Nenda uwaamkie majirani mapema, umtume mtu mzima akutambulishe, na useme wazi nia yako. Bi Mkubwa wa nyumba ya pili akikuuliza "nyumba utakaa mwenyewe au utaweka wageni?", ujue mtaa mzima unasubiri jibu lako.

Kuna njia ya katikati ambayo haisifiwi inavyostahili: kukodi kwa mkataba mrefu, ukarabati ukiwa sehemu ya kodi. Warithi 10 wasioweza kukubaliana kuuza mara nyingi hukubaliana kukodisha miaka 10 au 15, nyumba yao ikaponywa na jina likabaki. Wewe unapata nyumba bila kubeba mirathi ya watu. Masharti ni mawili: warithi wote au msimamizi wao halali atie sahihi, na mkataba wowote wa zaidi ya miaka 2 uandikishwe kwenye usajili wa ardhi. Usikarabati kwa ahadi ya mdomo. Nyumba iking'ara, ahadi husahaulika.

Kwa mtu anayetaka kuja Lamu likizo mbili kwa mwaka, mimi ningemwambia akodi, asinunue. Nyumba hizi zinahitaji kufunguliwa madirisha, kufagiwa paa, kuwashwa moto jikoni. Zikifungwa miezi minane, unyevu na popo hufanya kazi yao.

Hatua ya nane: bei, amana, sahihi

Ukifika hapa na bado unaitaka, zungumza bei ukiwa na orodha ya boriti mbovu mkononi. Mthamini anayejua nyumba za Pwani akupe thamani, si dalali. Wakili wako asiwe wa muuzaji, hata akiwa binamu yako. Amana, ambayo mara nyingi ni asilimia 10, ikae kwenye akaunti ya wakili hadi sahihi za warithi wote zipatikane, na mkataba useme inarudi iwapo mmoja atakataa. Salio lilipwe hati ikiwa tayari kuhamishwa, na lilipwe kwa kila mrithi fungu lake au kwa msimamizi aliyeidhinishwa na mahakama. Kumkabidhi fedha zote kaka mkubwa "awagawie wenzake" ni kununua kesi pamoja na nyumba.

Kama unatazama Mombasa au Zanzibar

Mombasa, uliza swali moja zaidi: je, nauziwa nyumba na ardhi, au nyumba bila ardhi? Utaratibu wa mtu kumiliki jengo na mwingine kumiliki kiwanja ni wa kawaida sana mjini humo, na kodi ya kiwanja inaweza kupandishwa baada ya wewe kukarabati.

Zanzibar sheria ni nyingine kabisa. Ardhi ni ya Serikali, mtu hupewa haki ya kuitumia, na asiye Mzanzibari ana njia finyu zaidi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingine ziko chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, kwa hiyo anayeishi humo miaka 40 huenda ni mpangaji tu. Vibali vya ujenzi hupitia Mamlaka ya Mji Mkongwe. Na kuhusu uzito wa paa na maji, Beit al-Ajaib ya mwaka 1883, jengo la Sultani Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Usimlaze fundi wala mgeni chini ya dari ambayo hujaikagua.

Umenunua. Mwaka wa kwanza ufanye nini?

Paa na milizamu, kabla ya masika. Kisha boriti mbovu, chumba kimoja kimoja, dari ikiwa imetegwa magogo ya kushikilia, usifungue vyumba viwili vinavyopakana kwa wakati mmoja. Kisha shimo la choo. Bandua saruji kuanzia chini, uuache ukuta wazi ukauke. Ukuta wa nusu mita hauhitaji wiki, unahitaji miezi, na fundi atakayekuhimiza upake haraka anafikiria malipo yake. Nyaya za umeme zipite juu ya ukuta kwenye mabomba, usichimbe kuta za chokaa. Nakshi na zidaka ziwe za mwisho, kwa fundi mmoja aliyekuonyesha kazi yake kwingine.

Hifadhi boriti nzima zilizotolewa na mawe yote yaliyochongwa, hata vipande. Weka daftari la nini kilifanywa wapi na kwa mchanganyiko gani wa chokaa na mchanga, na uliache ndani ya nyumba, mahali ambapo warithi wako wataliona.